Mkopo, basari au ufadhili? Njia za karo ya chuo kwa wakazi wa Machakos

MZAZI wa Machakos ambaye mwanawe ameitwa chuoni huanza kuwaza karo kabla furaha haijatulia.

Mlango mkuu ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyobuniwa kwa sheria mwaka 1995. Maombi hutumwa kwa intaneti, na mwombaji huhitaji kitambulisho, akaunti ya benki, stakabadhi za wazazi na wadhamini. Yatima hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo. Hapo ndipo familia nyingi za mashambani hukwama, kwani kifo kisichoandikishwa hakina cheti, na kukitafuta huweza kuchukua muda kuliko fomu yenyewe.

Tangu 2023, waliopelekwa vyuo vikuu vya umma, kama vile Machakos, wamekuwa wakiomba mkopo pamoja na ufadhili wa serikali usiolipwa, kwa kutegemea hali ya familia. Mfumo huo ulizua kesi mahakamani. Wa vyuo vya kibinafsi walibakiziwa mkopo pekee, jambo ambalo mzazi afadhali alijue kabla ya kuchagua chuo. Aidha, anayeficha umaskini kwa aibu anapojaza fomu hujinyima mwenyewe.

Basari nazo hutolewa na hazina za maeneobunge, ambayo ni manane katika kaunti hii. Kiasi chake aghalabu ni kidogo, lakini hairudishwi. Mkopo wa HELB hurudishwa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka.