Kutoka Masijala hadi Kabrasha la Pamoja: Historia ya Utunzaji wa Nyaraka katika Ofisi Ndogo za Bugolobi, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kabrasha la pamoja, yaani folda moja inayofunguliwa na watumishi kadhaa kutoka kompyuta tofauti za ofisi moja, katika mazingira ya ofisi ndogo za Bugolobi, Kampala. Hoja kuu ni kwamba kabrasha hilo lilirithi kazi ya masijala bila kumrithi karani wake. Hoja hiyo inapimwa kwa matukio matatu: mgawo wa umeme wa miaka ya 2005 na 2006, kuwasili kwa mikongo ya baharini kuanzia 2009, na kuzimwa kwa intaneti Januari 2021. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu ya kisera.

1.0 Utangulizi

Bugolobi ni kitongoji cha Tarafa ya Nakawa, mashariki mwa Kampala, upande wa kuelekea Luzira na Port Bell. Kinajulikana kwa maghorofa yake ya makazi na kwa nyumba zenye bustani, ambazo baadhi zimegeuzwa kuwa ofisi za mawakili, washauri, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni za watu wachache. Katika Barabara ya Spring yako pia makao makuu ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1997. Kwa hiyo msimamizi wa mawasiliano ya nchi nzima na ofisi ndogo zinazoyategemea mawasiliano hayo ni majirani.

Historia ya teknolojia ya habari katika Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kupitia simu ya mkononi na huduma za fedha. Ofisi ya watu sita au kumi haionekani sana katika masimulizi hayo, ingawa ndimo zinamokaa hati za mishahara, mikataba ya wateja na taarifa za watu waliosaidiwa. Swali la makala haya ni jepesi kuuliza: nyaraka hizo zinapowekwa mahali pamoja, nani anazilinda?

2.0 Masijala na Karani Wake

Utawala wa kikoloni nchini Uganda, uliokuwa na makao yake Entebbe, uliendeshwa kwa majalada. Kila jambo lilifunguliwa jalada lake, jalada likapewa namba, na karatasi zilizoingia humo zikapangwa kwa mfuatano. Mtindo huo uliendelea kutumika serikalini baada ya uhuru wa 1962, na utunzaji wa nyaraka za umma uliwekewa msingi mpya na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2001.

Kiini cha masijala hakikuwa kabati bali karani. Yeye ndiye aliyejua jalada liko wapi, kwa kuwa kila lilipotoka aliandika limechukuliwa na nani na lini. Ndiye aliyejua nani aruhusiwe kulisoma, maana masijala ya siri ilitengwa na masijala ya wazi. Na ndiye aliyejua lipi lifungwe, lipi lihifadhiwe na lipi liteketezwe kwa idhini. Majukumu hayo matatu, yaani ufuatiliaji, ruhusa na hifadhi, ndiyo kipimo kinachotumika hapa kulitathmini kabrasha la pamoja.

3.0 Kabrasha Linaingia Ofisini

Utaratibu unaoziwezesha kompyuta za ofisi kugawana mafaili ulianza kubuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Barry Feigenbaum, ukaja kujulikana kama SMB. Microsoft iliuingiza katika ofisi za kawaida kwa Windows for Workgroups, iliyotoka mwaka 1992. Mwishoni mwa 1991, huko Canberra, Andrew Tridgell alikuwa ameanza kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba. Kwa programu hiyo, kompyuta isiyotumia Windows iliweza kugawa mafaili kwa zile za Windows, na ofisi yenye fedha kidogo ikaweza kuifanya kompyuta kuukuu kuwa seva bila kulipia leseni.

Kabla ya 2009 intaneti ya Uganda ilitegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Kutuma faili kubwa kwa barua pepe kwa mtu aliyeketi chumba cha pili kulikuwa upotevu wa fedha. Waya na swichi ndogo vilifanya kazi hiyo bila gharama ya kila mwezi. Hatua zenyewe zilikuwa chache: kompyuta moja iliteuliwa, ikapewa anwani isiyobadilika, folda ikafunguliwa humo, kila mtumishi akatengenezewa akaunti na nywila, kisha ruhusa zikapangwa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Katika Windows kuna ruhusa za aina mbili: zile za folda inayogawanywa, mithili ya ufunguo wa mlango wa mbele, na zile za mafaili yaliyomo, mithili ya ufunguo wa kila chumba. Anayeingia kupitia mtandao hubanwa na ile iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili. Asiyejua hilo huhangaika, na njia rahisi ya kumaliza mahangaiko ni kumpa kila mtu ruhusa zote. Siku hiyo masijala ya wazi na masijala ya siri huwa chumba kimoja.

4.0 Umeme, Mkongo na Kuzimwa kwa Intaneti

Jaribio la kwanza lilitokana na umeme. Miaka ya 2005 na 2006 kina cha Ziwa Viktoria kilishuka, mabwawa ya Jinja yakazalisha kidogo, na Kampala ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilikamilika mwaka 2012. Umeme unapokatika ghafla faili likiwa linaandikwa, linaweza kuharibika. Kabrasha lililowekwa katika kompyuta moja lilihitaji kwanza betri ya akiba, kisha nakala iliyotunzwa mahali pengine.

Jaribio la pili lilikuja kwa sura ya neema. Mkongo wa SEACOM ulianza kutoa huduma Afrika Mashariki mwaka 2009, na mingine ikaufuata. Intaneti ilipokuwa nafuu, hifadhi za mbali zinazomilikiwa na kampuni za kigeni zilianza kuchukua nafasi ya kompyuta ya pembeni. Faida zake zilikuwa za kweli: nakala haikuteketea pamoja na nyumba, na mtumishi aliye safarini aliisoma.

Jaribio la tatu lilionyesha bei ya faida hizo. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa agizo la UCC kwa kampuni za mawasiliano, na haikurejeshwa hadi tarehe 18. Kwa siku hizo, hati iliyokuwa katika hifadhi ya mbali pekee haikufikika. Iliyokuwa na nakala katika kompyuta ilisomeka, lakini mabadiliko yake hayakuwafikia wenzake mwandishi. Kabrasha la mtandao wa ndani, kwa maumbile yake, halihitaji intaneti: palipokuwa na umeme na swichi, lilifunguka.

5.0 Karani Aliyekosekana

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuusifu mtandao wa ndani kupita kiasi. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 ikipitia dosari katika toleo la kwanza la SMB. Marekebisho ya dosari hiyo yalikuwa yametolewa tangu Machi. Walioumia walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale ambao kwao hakuna aliyepewa jukumu la kuyaweka.

Hapo ndipo pengo la karani linapoonekana. Seva inaweza kuandika kumbukumbu za nani amefungua faili gani, lakini lazima mtu aiamuru kufanya hivyo, na mtu azisome. Akaunti ya aliyeacha kazi haijifungi yenyewe. Matoleo manne ya ripoti moja, kila moja likiitwa la mwisho, hayajipangi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa binafsi nchini Uganda azilinde, na haisamehi udogo wa ofisi. Wajibu uliokuwa wa karani umerudi kwa nguvu ya sheria, ilhali nafasi yake ofisini haipo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba mitambo ilibadilika mara kadhaa, lakini maswali ya masijala yalibaki yaleyale. Inapendekezwa, kwanza, kwamba miongozo ya ulinzi wa data iandae utaratibu mfupi kwa ofisi ndogo, ukimtaja kwa cheo mtumishi mmoja mwenye dhamana ya kabrasha. Pili, taasisi zinazofadhili ofisi hizo zikubali gharama za betri, nakala za akiba na mafunzo kuwa sehemu halali ya bajeti. Tatu, sera za kidijiti zisilazimishe hifadhi ya mbali kuwa njia pekee, bali zitake nakala mbili: moja ndani ya ofisi na nyingine nje yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari, liwe la karatasi au la umeme, humhitaji mwandishi.