Mji wa Kale wa Mombasa

Wageni wengi wafikao Mombasa huitazama Ngome ya Yesu, kisha hurudi zao wakidhani wameuona mji. Ngome ile ni kubwa, lakini si mzee wa pale. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hali Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akakuta wenyeji wakisali katika misikiti ya mbao iliyojengwa vyema. Wareno waliuchoma mji mwaka 1505, wakauchoma tena mwaka 1528. Kila mara wenyeji walirudi wakajenga. Mwaka 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, Waarabu wa Omani waliitwaa ngome.

Karibu na ngome huanza Ndia Kuu. Mwanafunzi asidhani kuwa jina hilo limeandikwa kwa makosa: katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia huitwa ndia. Hivyo hata jina la barabara limehifadhi ulimi wa wenyeji.

Nyumba nyingi zionekanazo leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu. Kwa hiyo vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, maana mti ndio uliompimia fundi upana. Vichochoro navyo ni vyembamba, na nyumba hukingiana jua. Milango ya nakshi ilitangaza heshima ya mwenye nyumba, na roshani za mbao zilileta upepo pamoja na ufundi wa Bara Hindi. Nje ya mlango palikuwa na baraza ya mawe, ambapo jirani alipumzika, habari zikapokewa na ugomvi ukasuluhishwa.

Uhai wa mitaa hiyo ulitoka baharini. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakileta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakichukua boriti na pembe. Lakini mwaka 1896 kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa, na meli kubwa zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, penye maji ya kina. Bandari ya kale ikapungua kelele, na baadhi ya matajiri wakahama.

Tangu hapo adui wa mji si moto wa vita tena. Ni mvua ipenyayo dari iliyosahauliwa, na saruji ipakwayo juu ya chokaa, ikazuia ukuta kupumua hata unyevu ukaula kwa ndani. Katika miaka ya 1990 mitaa hiyo iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na jambo hilo ni jema. Lakini sheria haipandi juu ya dari kuziba tundu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Waliochomewa mji mara mbili hawakuuacha. Itakuwa aibu kwetu kuupoteza kwa uvivu. Mji wa kale huishi maadamu yupo mtu wa kuketi barazani, na wa kuchanganya chokaa.