Somo wa Mtu, Somo la Siku

Kiswahili cha Wakatoliki kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Somo ni kifungu cha Maandiko kinachosomwa Misani. Somo pia ni mtakatifu ambaye mtu, jumuiya au parokia imepewa jina lake. Igogwe, misheni ya wilayani Rungwe ambayo wengi wanaijua kwa hospitali yake, masomo hayo mawili hufuata kalenda moja ya liturujia. Lakini hayakuingia katika maisha ya waumini kwa pamoja.

Katika Rungwe, Wamoravian walitangulia. Walifika mwaka 1891 wakiongozwa na Theodor Meyer, nao ni watu wa kanisa lililozoea neno la kila siku tangu Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728. Aya ya Biblia ya kila siku hupatikana kwa kura, na kitabu chake cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Kwao siku ilikuwa na neno lake.

Kwa Wakatoliki wa wakati huo, siku ilikuwa na mtakatifu wake. Roma ilipoifanya Tukuyu, hapohapo Rungwe, misheni inayojitegemea mwaka 1932, ikiwa mikononi mwa wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe, Misa ilikuwa ya Kilatini. Waraka na Injili za Dominika zilikuwa zilezile mwaka hadi mwaka. Siku za kazi, nje ya Kwaresima, nyingi hazikuwa na masomo yake: padre alitumia ya mtakatifu wa siku hiyo, au akarudia ya Dominika iliyopita. Basi muumini aliweza kuzijua sikukuu za watakatifu kuliko alivyomjua nabii Amosi. Mtoto alipobatizwa alipata jina, na pamoja na jina akapata tarehe ya kushangilia.

Katika tarehe hizo kulikuwa na moja iliyotoka jirani, Uganda: ile ya mashahidi wake. Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na wenzake walikuwa matunda ya Mapadre Weupe haohao, waliofika Buganda mwaka 1879. Walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Naona uzito mkubwa hapo: katika kalenda iliyojaa majina ya Ulaya na Mashariki ya kale, Mwafrika alimwona Mwafrika mwenzake.

Mwaka 1969 kalenda yenyewe ilipanguliwa. Mtume Tomaso alihamishwa kutoka 21 Desemba hadi 3 Julai, ili siku za mwisho za Majilio zibaki wazi. Mathia alitoka 24 Februari, majira ambayo Kwaresima huweza kuangukia, akapelekwa 14 Mei. Mzee aliyebatizwa Tomaso, aliyezoea kusherehekea Krismasi ikibisha hodi, sasa sikukuu ya somo wake ilimkuta katikati ya kipupwe, Rungwe inapotetemeka kwa baridi. Kwa mtu aliyeipenda siku yake, hilo si jambo dogo.

Ila kilichoingia kilikuwa kikubwa zaidi. Dominika zikapata mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohane akatawala hasa kipindi cha Pasaka. Agano la Kale likarudi Dominika, na kila siku ya juma ikapata masomo yake. Kwa kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefungua mlango wa lugha za watu, masomo hayo yakasikika kwa Kiswahili. Amosi naye akapata kusikika kijijini.

Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo mwaka 1976, kitabu kimetoka kanisani na kuingia sebuleni. Wanajumuiya hukutana nyumbani kwa mmoja wao, viti vimeazimwa kwa jirani, watoto wamekaa mkekani. Mama mmoja anasoma Injili ya Dominika ijayo taratibu, kidole kikifuata mstari. Wakishaitafakari, mwenyekiti anamtaja somo wa jumuiya, na wote, hata mtoto asiyejua kusoma, wanaitika: utuombee.