Kihariri Kipya na Hasira ya Watumiaji: WordPress kutoka 2003 hadi 2018

Historia ya teknolojia kwa kawaida huandikwa kama historia ya watengenezaji. Tunaelezwa nani alibuni nini, mwaka gani, na kampuni ipi ilinunua nyingine. Watumiaji huja mwishoni wakiwa tarakimu tu: milioni kadhaa, asilimia fulani. Insha hii inaangalia kisa kimoja ambacho watumiaji walikataa kubaki tarakimu.

Tarehe 6 Desemba 2018, WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, ilitoa toleo lake la 5.0. Katika toleo hilo, kihariri ambacho watu walikuwa wamekitumia kuandikia makala zao kwa miaka mingi kilitolewa, na mahali pake pakawekwa kingine kilichopewa jina la Gutenberg. Malalamiko yalikuwa makubwa. Wapo walioyaeleza kuwa ni tabia ya binadamu ya kuogopa kila kigeni, na kwamba yangeisha yenyewe. Maelezo hayo ni mepesi mno. Watumiaji hawa walikuwa wamekwisha kubadilishiwa sura ya programu yao kabla ya hapo, tena mara mbili katika mwaka mmoja, na mara moja kati ya hizo waliyapokea mabadiliko vizuri. Kwa hiyo upya peke yake hauwezi kuwa sababu. Inabidi tuulize nani aliamua, aliamua kwa ratiba ya nani, na nani alilipa gharama.

Tuanze na chimbuko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na programu ndogo ya kublogu iitwayo b2, iliyoandikwa na Mfaransa Michel Valdrighi. Kazi ya kuiendeleza iliposimama, watumiaji wake wawili, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, walichukua msimbo wake na kuuendeleza kwa jina jipya. Toleo la kwanza la WordPress lilitoka tarehe 27 Mei 2003. Waliweza kufanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa kwa sababu b2 ilitolewa kwa leseni ya GPL, ambayo humpa kila mtu haki ya kuutumia msimbo, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza, mradi atakachokitoa nacho kibaki chini ya leseni hiyohiyo. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa maana miaka 15 baadaye haki hiyohiyo ilitumiwa dhidi ya WordPress yenyewe.

Mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa, WordPress ilinufaika na hasira ya watumiaji wa programu nyingine. Wakati huo wanablogu wengi wenye tovuti zao walitumia Movable Type, ya kampuni ya Six Apart. Mei 2004 kampuni hiyo ilitoa toleo la 3.0 lenye masharti mapya: toleo la bure liliwekewa mpaka wa idadi ya blogu na ya waandishi, na aliyetaka zaidi alitakiwa kulipa. Mwandishi wa programu Mark Pilgrim alipiga hesabu akaona angedaiwa dola 535 ili kuendelea kama alivyokuwa. Aliamua kuwapa WordPress fedha hizo, akaihamishia blogu yake huko na kueleza sababu hadharani. Alikiri kwamba Movable Type ilikuwa programu nzuri na ya bure kiasi cha kumtosha. Lililomsumbua ni kwamba aliyeitoa angeweza kubadilisha masharti siku yoyote. Wengi walifuata njia hiyo. Tangu hapo sifa ya WordPress mbele ya watu wake haikuwa urahisi wake tu, bali pia ahadi kwamba hapa hutaamka asubuhi ukakuta sheria zimebadilishwa.

Sasa tuje mwaka 2008, ambao nauona kuwa ndio ufunguo wa kisa kizima, ingawa hautajwi sana. Machi mwaka huo lilitoka toleo la 2.5 likiwa na sura mpya kabisa ya dashibodi, yaani ukurasa ambao mwenye blogu huingia kufanyia kazi zake. Sura hiyo ilibuniwa kwa msaada wa Happy Cog, kampuni ya Jeffrey Zeldman, mbunifu wa tovuti mwenye jina kubwa. Hata hivyo watumiaji wengi walilalamika. Vitu walivyovihitaji kila siku vilikuwa vimehamishwa, na ili kupanga makala katika mada iliwabidi washuke hadi chini ya ukurasa.

Waendelezaji hawakuwaambia watazoea. Waliwaita watumiaji wakawakalisha mbele ya kompyuta, wakapima hadi mahali macho yao yalipotua kwenye skrini, kisha wakajenga mfano wa majaribio ulioitwa Crazyhorse na kuwajaribisha tena. Menyu ilihamishwa kutoka juu ya ukurasa hadi ubavuni kushoto. Kabla ya toleo la 2.7 kutoka, watumiaji waliulizwa maoni kwa dodoso kuhusu mpangilio wa menyu hiyo. Toleo lilitoka Desemba 2008, na mpangilio wake wa menyu ya kushoto ndio uliobaki katika WordPress hadi leo. Tukumbuke kwamba 2.7 lilikuwa badiliko la pili kubwa ndani ya miezi tisa. Kama watu wangekuwa wanachukia mabadiliko kwa asili yao, hilo la pili lingewaudhi kuliko la kwanza.

Kihariri kilichoondolewa 2018 kilikuwa na umri wa miaka 13. Kilijengwa juu ya msimbo uitwao TinyMCE na kiliingia WordPress katika toleo la 2.0, mwishoni mwa 2005. Kilifanana na karatasi: boksi moja jeupe, juu yake vitufe vya kukoleza maandishi na kuweka viungo, basi. Gutenberg kilivunja karatasi hiyo. Kila aya, kila picha na kila kichwa cha habari kilikuwa bloku inayojitegemea, yenye vitufe vyake, inayoweza kusogezwa juu au chini. Kwa anayepamba ukurasa wa biashara hilo lilikuwa jambo jema. Kwa anayeandika makala ya aya 30 lilimaanisha bloku 30, na vitufe vinavyotokea na kupotea kadiri anavyosogeza kishale. (Jina lenyewe lina kichekesho chake kwa msomaji wa historia. Johannes Gutenberg wa Mainz anakumbukwa kwa kupanga herufi moja moja za chuma ili zitoke ukurasa mzima. Kihariri hiki kilichukua ukurasa mzima kikaugawa vipande.)

Haki idai pia upande wa watengenezaji. WordPress ilikuwa ikiendesha zaidi ya asilimia 30 ya tovuti, lakini mtu mgeni aliyetaka kutengeneza ukurasa mzuri bila kujua msimbo alivutiwa na huduma kama Wix na Squarespace. Mullenweg alitangaza mwishoni mwa 2016 kwamba kihariri kipya ndicho kingekuwa kipaumbele, na Juni 2017 Gutenberg kilioneshwa kama programu ya majaribio ambayo yeyote angeweza kuipakua. Hakuna anayeweza kusema kwamba kilifanywa gizani. Majaribio yalikuwa wazi na maoni yaliombwa.

Tatizo ni kilichofanyiwa maoni hayo. Agosti 2018 toleo la 4.9.8 liliweka kwenye dashibodi za watu tangazo la kuwaalika wakijaribu Gutenberg. Wengi wakakijaribu, wakarudi kutoa alama, na wastani ukawa karibu nyota 2 kati ya 5. Kama mwaka 2008 ungekuwa somo, hapo ndipo mahali pa kusimama. Badala yake ilipangwa tarehe: 19 Novemba. Ikasogezwa hadi 27 Novemba, nayo ikapita. Joost de Valk, mwanzilishi wa kampuni ya Yoast inayotengeneza moja ya programu za nyongeza zinazotumiwa sana katika WordPress, aliomba hadharani kwamba toleo lisubiri hadi Januari. Tarehe 4 Desemba ikatangazwa kwamba toleo litatoka tarehe 6, yaani siku mbili baadaye. Tarehe 7 ulikuwa unaanza mkutano mkuu wa WordPress wa Marekani mjini Nashville. Mtu hahitaji kusoma mawazo ya Mullenweg kuona kalenda ya nani ilifuatwa. Hakika haikuwa ya mtu anayetunza tovuti 20 za wateja huku biashara za mwisho wa mwaka zimepamba moto.

Walioumizwa zaidi walikuwa wale wasioona. Wao huandika kwa kibodi peke yake, na programu maalumu huwasomea kilichopo kwenye skrini. Boksi moja la maandishi halina shida kwao. Lakini ukurasa wa bloku, ambao vitufe vyake huonekana pale kipanya kinapopita, ni kama nyumba ambayo milango yake hujitokeza kwa mwenye macho tu. Ndani ya WordPress palikuwa na kikundi cha kujitolea kilichosimamia mambo ya watumiaji wenye ulemavu. Kiongozi wake, Rian Rietveld, alijiuzulu Oktoba 2018 akieleza kwamba kazi ya kukirekebisha Gutenberg ilikuwa imewashinda: msimbo wake uliandikwa kwa teknolojia ambayo wachache kikundini waliijua, na masuala ya walemavu hayakupewa nafasi tangu mwanzo. Ulikuwapo mpango wa Automattic, kampuni ya Mullenweg, kulipia ukaguzi huru; ukaachwa. Hatimaye WPCampus, jumuiya ya watu wanaotumia WordPress katika vyuo, ilichangisha fedha na kuiajiri kampuni ya Tenon. Ripoti ilitoka Mei 2019, miezi mitano baada ya toleo kuwafikia watu, na ilikuwa na kasoro 91. Ninapowasikia watu wakisema malalamiko yale yalikuwa ya wavivu wa kujifunza, huwa narudi kwenye ripoti hii. Mtu asiyeona hakuwa na kitu cha kujifunza. Kitufe ama kinasomeka ama hakisomeki.

Je, ni sahihi kusema walilazimishwa? Kwa maana kali ya neno, hapana. Matoleo makubwa ya WordPress wakati huo hayakujisakinisha yenyewe. Mwenye tovuti alibofya. Lakini tarehe 12 Desemba, siku sita tu baada ya 5.0, lilitoka toleo la kuziba mianya ya usalama. Viraka vilipelekwa pia kwa matoleo ya zamani, ila hakuna aliyeahidi kwamba hali hiyo ingedumu. Aliyebaki nyuma alibaki akijua kwamba yuko nyuma. Uhuru wa namna hiyo ni mdogo.

Hata hivyo ulikuwa mkubwa kuliko wa watumiaji wa huduma zinazokaa kwenye mashine za kampuni. Hapa kisa kinatugusa sisi wasomaji wa Kiswahili. Blogu nyingi za Kiswahili za katikati ya miaka ya 2000, enzi ambazo Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe walihamasisha Watanzania kuandika mtandaoni, zilikuwa kwenye anwani za blogspot, yaani Blogger, ambayo Google iliinunua 2003. Mwaka 2020 Google ilipobadilisha sura ya Blogger, kitufe cha kurudi sura ya zamani kilikuwapo kwa muda kisha kikaondolewa. Huko hakuna msimbo wa kuchukua, hivyo hakuna pa kuhamia na sura uliyoizoea. Hazina kubwa ya maandishi ya Kiswahili ya kipindi hicho imekaa katika nyumba ya kupanga.

Watumiaji wa WordPress walifanya mambo mawili. La kwanza lilirudia historia ya b2: Agosti 2018 Scott Bowler alianzisha ClassicPress kwa kuchukua msimbo wa WordPress kabla ya Gutenberg, na toleo lake la 1.0 likatoka Machi 2019. Mradi huo ungali hai, lakini umebaki mdogo sana. Valdrighi alikuwa na kundi dogo la watumiaji. WordPress ilikuwa imezungukwa na maelfu ya programu za nyongeza, wauza huduma na mafundi, na anayehama huviacha vyote nyuma. Leseni ni ileile, ila gharama ya kuitumia haki inayotolewa na leseni hiyo imepanda.

La pili lilikuwa la kimyakimya zaidi. WordPress yenyewe ilitoa programu ndogo ya nyongeza, Classic Editor, ya kurudisha kihariri cha zamani. Iliahidiwa kuhudumiwa hadi mwisho wa 2021, muda ambao ulidhaniwa kuwa utatosha watu kuzoea. Idadi ya tovuti zilizoisakinisha ikapita milioni 5. Mwaka 2021 ulipofika, muda ukaongezwa hadi mwisho wa 2022. Baadaye maelezo yake yakabadilishwa tena: itahudumiwa angalau hadi 2024, au kwa muda wowote itakapohitajika.