Nyiragongo: Mwamba unaofanya lava iende mbio

Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, umesimama takriban kilomita 18 kaskazini mwa mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hatari yake kwa wakazi wa Goma, na kwa jirani zao wa Rubavu nchini Rwanda, inatokana kwa kiasi kikubwa na aina ya mwamba wake.

Silika haba

Nyiragongo ni sehemu ya safu ya Virunga, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linatanuka. Chini kabisa ya ganda hilo ni sehemu ndogo tu ya mwamba inayoyeyuka. Ujiuji unaopanda juu huwa na sodiamu na potasiamu kwa wingi, ndiyo maana wanajiolojia huuita wa alkali. Silika yake ni takriban asilimia 40 au pungufu. Silika ndiyo huifanya lava iwe nzito. Ikipungua, lava huwa nyepesi na hutiririka upesi.

Milipuko mitatu

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa kwenye kreta lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja na kuteketeza vijiji vya mabondeni. Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021, ilisimama karibu na uwanja wa ndege.

Mara zote tatu lava ilitokea kwenye nyufa za ubavuni, si kileleni. Kwa hiyo kuichunga kreta peke yake hakutoshi.

Hewa isiyoonekana

Hata mlima ukiwa umetulia, ardhi hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni na mabondeni, na huua watu na mifugo. Wenyeji huiita mazuku, neno ambalo sasa hutumiwa na wanasayansi duniani.

Hata hivyo, udongo uliotokana na miamba hiyo una rutuba nyingi, na lava iliyoganda imekuwa jiwe la kujengea. Goma imejengwa upya juu ya lava ileile iliyoibomoa.