Tiba ya Fikra na Tabia: Kutoka Philadelphia hadi Moshi na Bungoma

Tiba ya fikra na tabia ilizaliwa na utafiti ulioleta jibu lisilotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, alifuata mafundisho ya Sigmund Freud kwamba sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Ili kulithibitisha hilo, alichunguza ndoto za wagonjwa akitegemea kuikuta hasira. Badala yake alikuta ndoto za kupoteza, kukataliwa na kushindwa, mambo yale yale waliyoyawaza wakiwa macho.

Wengi wangeyapinda matokeo. Beck aliyaacha mafundisho. Akaanza kuwauliza wagonjwa ni wazo gani huwapitia kabla ya huzuni kuwashika. Anayepishana na rafiki asiyemsalimu hujiambia papo hapo, "Ananidharau," na moyo huzama kana kwamba jambo limethibitika. Kazi ya mtabibu ikawa kuliandika wazo hilo pamoja na mgonjwa, kupima yanayoliunga mkono na yanayolipinga, kisha kumpa kazi ya nyumbani: safari ijayo aanze yeye kusalimu, aone itakuwaje. Upande wa tabia ulikuwa na chimbuko lake. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha 1958, alikwisha kueleza jinsi ya kumtuliza mwenye hofu huku akisogezwa hatua kwa hatua karibu na anachokiogopa.

Mazoea ya kupima hayakuachwa. Mwaka 1961 Beck na wenzake walichapisha dodoso la vipengele 21 la kupima uzito wa sonona. Mwaka 1977 tiba ya Beck ilishindanishwa na imipramine, dawa ya sonona, kwa wagonjwa 41, na waliopata tiba ya mazungumzo wakapata nafuu kubwa zaidi. Kitabu cha mwongozo kilifuata mwaka 1979.

Afrika Mashariki, ambako madaktari wa akili ni wachache mno, swali lililokuwa na uzito ni nani anaweza kuitoa tiba hii. Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, washauri wasio na taaluma ya afya ya akili walifunzwa kuitoa katika utafiti wa yatima 640 wenye majonzi na athari za kiwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika maeneo matatu kati ya manne, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliopata tiba hiyo kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida.