Butembo: Namna motere moja ya mwaka 1976 ilivyofundisha watu kufufua pikipiki nyumbani

Katika viwanja vingi vya Butembo, Beni na Goma, si ajabu kukuta motere ya pikipiki imefunguliwa juu ya gunia: pistoni huku, kulasi kule, na kijana anaosha pyesi kwa esansi ndani ya bakuli. Pyesi hizo mara nyingi zimetoka katika pikipiki tatu au ine zilizokufa. Motere inapowaka tena, majirani wanasema fundi ana dawa. Hana dawa. Kazi hiyo ina historia, na historia hiyo inaeleza pia kwa nini leo imeanza kuwa ngumu.

Wakati wa Zaire, pikipiki zilikuwa chache. Wenye nazo walikuwa mapadri, wauguzi, waagronomu na wafanyabiashara wachache. Zilionekana mashini kama Yamaha AG100, iliyotengenezwa kwa kazi za mashamba. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazairi. Miaka michache baadaye, mengi yalikuwa yameanguka, pamoja na maduka yaliyoagiza pyesi. Uporaji wa 1991 na 1993 ukaongeza uharibifu. Pistoni ikipasuka, ilibidi kungoja pikipiki nyingine ya aina ileile ife. Ndipo ile Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie, ikaingia katika karakana.

Mbali na Kongo, jambo lingine lilikuwa limetokea. Mwaka 1976, Honda ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki anabeba mzigo mzito, anachelewa kubadili mafuta, na hasafishi chujio ya hewa. Kwa hiyo waliacha mnyororo unaoendesha supapu, wakaweka fito mbili za chuma zinazosukuma kutoka chini. Silinda ilikuwa moja, ya milimita 56.5, inayopozwa na upepo tu. Motere hiyo ilivumilia sana, na ilikuwa rahisi kufungua.

Viwanda vya Uchina viliinakili chini ya majina mengi. Baada ya vita vilivyoanza 1996 na 1998, barabara zilikuwa zimeharibika na vijana wengi hawakuwa na kazi. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaojulikana kwa safari zao za Asia, walileta pikipiki hizo, na taksi ya pikipiki ikaenea. Jina la tanki lilikuwa tofauti, lakini ndani motere zilikuwa ndugu. Kulasi ya moja iliweza kukaa juu ya silinda ya nyingine. Hapo pikipiki iliyokufa ikageuka kuwa duka la pyesi.

Lakini si kila pyesi inakubali. Motere ya 125 na ya 150 zinafanana kwa macho, kumbe pistoni ya pili ina milimita 62. Fundi mzuri anaanza na bieli: anaishika na kuivuta juu na chini. Ikicheza hivyo, vilebrekeni imekwisha, hata kama nyingine zote ni mpya. Ikicheza kidogo tu pembeni, ni kawaida. Kisha anatazama silinda. Ikiwa na mikwaruzo, inapelekwa kwa mwenye mashini ya kuchonga, ipanuliwe kwa milimita 0.25 au 0.50, na pistoni ya kipimo hicho itafutwe. Supapu zinasuguliwa kwa dawa ya mchanga laini mpaka zifunge vizuri. Joe lililoharibika linakatwa upya katika karatasi ngumu. Na siku za kwanza motere haibebi mzigo mkubwa, mpaka segma zizoeane na silinda.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho ya fundi. Namba ya motere imepigwa juu ya karteri. Anayenunua karteri ya zamani bila karatasi anaweza kuwa amenunua pikipiki ya wizi, na motari ndiye atakayejieleza barabarani, siyo muuzaji.

Leo pikipiki nyingi mpya zinatoka India, kama TVS na Bajaj. Motere zao zina mnyororo wa supapu na vipimo vyao wenyewe. Pyesi za ile familia ya zamani haziingii. Kwa motari ambaye lazima alete pesa kila jioni kwa mwenye pikipiki na chakula nyumbani, hilo si jambo dogo: siku tatu za kungoja pyesi ni siku tatu za njaa. Ujuzi wa kusikiliza bieli na kupima silinda bado unatumika kwa motere yoyote. Kilichopungua ni rundo la ndugu zilizokufa ambazo fundi alikuwa akichagua ndani yake.